Wifi Yangu Ameniomba Niifute Picha

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na tafadhali usianze kwa kunigombeza kwa sababu nyumbani nimeshagombezwa vya kutosha. Mimi ni mpiga picha za harusi, na sifa yangu hapa mjini ni zile picha za vitu vidogo, pete, vifungo vya gauni, shanga za viatu, maana nina ile lenzi ya makro inayosogea karibu na kitu mpaka unaona uzi ulivyopita kwenye tundu la sindano, na watu wakiziona wanalia, wanasema kumbe pete yetu ni nzuri hivi. Sasa mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wetu, mtoto niliyembeba mgongoni mwenyewe, ameoa, na nikasema harusi yake hatapiga picha mtu mwingine, hiyo ndiyo zawadi yangu.

Asubuhi ya harusi tuko chumbani na bi harusi, mpambaji anamalizia, mama yetu anafunga vifungo vya gauni, nikamwomba wifi aweke mkono juu ya kitambaa karibu na dirisha nipige kidole chenye pete ya uchumba, na kwa macho, mshauri, mkono ulikuwa safi kabisa, lakini nilipoinamia lenzi nikaona poda imepasukapasuka juu ya kifundo cha mkono kama rangi kwenye ukuta wenye unyevu, na chini yake wekundu ulioanza kugeuka kijani, na vijialama vya kucha, vinne upande huu na kimoja upande wa pili, pale linapokaa dole gumba la mtu aliyekukamata. Nikamtazama mpambaji, naye akatazama brashi zake. Na unajua nilifanya nini? Nikamwambia wifi, "Geuza mkono kidogo, mwanga uko huku," yaani mikono yangu ilifanya kazi kabla ya moyo, nikatafuta upande mzuri nikaendelea kupiga, viatu, chupa ya marashi, mkono wa mama ukifunga kifungo cha mwisho, na kile kidole chake kidogo kilichopinda tangu sisi tukiwa watoto, alichobanwa na mlango.

Wifi alisubiri mama atoke, akaniambia kwa sauti ya chini, "Wifi, ile ya kwanza ifute, nakuomba. Nilijigonga." Kujigonga gani kunaacha kucha? Tukaenda, tukala, tukacheza, mdogo wangu akasimama kunishukuru mbele ya watu kwamba mimi ndiye niliyemlea, wakanipigia makofi na nikatabasamu.

Tangu siku hiyo sina raha. Nimemwambia mama, akasema damu ni nzito kuliko maji, mambo ya mume na mke yana wenyewe, wifi yako ana ngozi laini tu, na nikiitoa picha ile nitavunja ndoa ambayo hata vyombo vyake havijatolewa kwenye maboksi. Halafu mdogo wangu akaja studio kuzipitia picha, akafika kwenye ile, akainama, akaitazama muda mrefu, kisha akacheka, "Dada, lenzi yako ni mbea. Hapo isafishe ngozi." Alikuwa ameshika kiti changu kwa nyuma, na mimi nikawa natazama vidole vyake. Kuisafisha kwangu ni kazi ndogo sana, lakini nikiisafisha naona nitakuwa nimeshiriki, na nikikataa nitampoteza ndugu na mama kwa pamoja. Nifanye nini na picha hii?

Dada wa bwana harusi

*

Dada wa bwana harusi,

Umeniomba nisianze kwa kukugombeza. Haya, pole. Pole kweli, kwa sababu kumwona mtoto uliyembeba mgongoni akigeuka mtu wa kuogopwa ni msiba ambao hakuna anayekuja kukufariji. Pole umeipata, sasa nisikilize.

Unaniuliza ufanye nini na picha. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipouliza ufanye nini na wifi yako, sijapaona. Unajua poda ilipasukia wapi na mwanga ulitokea upande gani, lakini leo huyo binti anaendeleaje? Hujui, kwa sababu hujaenda kumwona. Picha haiumwi, dada. Anayeumwa ni mwenye mkono.

Na wewe unayeona uzi kwenye tundu la sindano, nikuulize jambo. Nyumba nzima mlipita kwenye milango hiyo hiyo, mbona ilimbana mama yako peke yake? Kidole kile umekiandika haraka ukapita, kama ulivyougeuza mkono wa wifi. Mama hakuambii unyamaze kwa ubaya. Anakufundisha namna aliyoishi yeye, na mdogo wako aliisoma shule hiyo hiyo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwenu yamefichwa vya kutosha.

Picha usiifute wala usiiguse. Weka nakala mahali ambapo mdogo wako hafiki, na si kwa mama. Mwambie mdogo wako kompyuta imekufa, albamu itachelewa. Uongo huo nakuruhusu. Usimvae yeye kwanza, maana ukiondoka atakayebanwa maswali ni mkewe. Nenda kesho kwa wifi yako, mume akiwa kazini. Usimpigie simu, hujui nani anaishika. Usimwambie avumilie. Mwambie umeona, na kwamba uko upande wake hata dhidi ya mtoto uliyemlea, kisha ufunge mdomo umsikilize. Akitaka kurudi kwao, mpeleke. Akitaka daktari au polisi, mfuate na picha yako mkononi, useme niliipiga mimi na huyo ni ndugu yangu wa tumbo moja. Akisema hataki chochote, mwachie ufunguo wa studio, aingie saa yoyote bila kubisha. Na hata akikununia, wiki ijayo nenda tena.

Utampoteza ndugu? Huenda. Mama atakununia? Atakununia sana, na utavumilia, kwa sababu wewe hakuna anayekukamata mkono.

Ukitoka huko, pitia kwa mama. Kaa karibu naye, kishike kile kidole, usimwulize kitu. Mwambie tu kwamba safari hii kuna mtu ameona.