Nimenyamazishwa, na Kila Mtu Ana Ushauri

Jumanne, 11 Juni

Nimenyamazishwa! Daktari wa koo kaniingiza kamera nyembamba puani, katazama, kaguna. Kuna vinundu kwenye nyuzi za sauti. Nisiongee, nisiimbe, hata kunong'ona nisinong'one, mpaka nirudi kwake mwisho wa mwezi. Nikimsikiliza, huenda vikaisha vyenyewe. Nisipomsikiliza, kisu. Na kisu chenyewe hakirudishi sauti yote.

Mimi! Msusi! Mwanamke ambaye wateja huja kwake kusukwa na kusimuliwa habari kwa bei moja! Tena Jumapili ya tarehe 23 makanisa yote ya mjini yanaimba pamoja, na anayeanzisha nyimbo katika kwaya yetu ni nani? Mimi huyu huyu.

Baba watoto alisikiliza mpaka mwisho, akamshukuru daktari kwa mikono miwili. Nikamfinya. Ati anashukuru kwa huduma tu.

Basi nitaongea humu daftarini.

Jumatano, 12 Juni

Nimefuta ubao wa bei pale saluni, naandikia majibu kwa chaki. Kumbe mtu asiyeweza kujibu hupewa ushauri na kila apitaye! Wifi yangu, ninayefanya naye kazi: mayai mabichi alfajiri. Mteja wa rasta: maji ya chumvi. Mteja mwingine alikuwa chini ya draya, anapiga kelele maana haisikii sauti yake mwenyewe: matone ya mafuta ya taa! Bibi yake alikuwa akinywa. Nikaandika: Bibi yuko wapi sasa? Akafikiri kidogo. Alishafariki — lakini si kwa koo.

Wifi alicheka hadi akamwaga kopo zima la rola. Mimi nacheka kwa mabega tu. Kazi ngumu!

Ijumaa, 14 Juni

Mazoezi ya kwaya. Nimekaa benchi la nyuma, mikono mapajani. Mwalimu wa kwaya kaja kuniomba: dada, ubeti mmoja tu siku hiyo, ubeti mmoja haujamuua mtu.

Halafu kaja Mama Moto. Ni kiongozi wetu wa maombi — akiomba yeye, hata mbu hutafuta mlango. Kanishika kichwa. Kasema ameonyeshwa: hii ni roho ya ububu, na daktari anaipangishia chumba. Nisimame tarehe 23, niimbe kwa imani, nitafunguliwa katikati ya wimbo. Nisipoimba, basi nimemchagua daktari, nimemwacha Mungu.

Shida ni kwamba nilitaka iwe kweli! Ushauri unaokupa kile ulichokuwa unakitamani, unaumeza bila kutafuna.

Wimbo wangu kapewa Kadogo, binti fundi cherehani aliyejiunga juzijuzi. Kaimba vizuri. Vizuri mno. Nimerudi nyumbani taya zinauma.

Jumapili, 16 Juni

Baada ya ibada nimeingia ofisini kwa mchungaji. Nikamwandikia kwenye simu: Niimbe kwa imani au ninyamaze kwa utii? Nikajiandaa kwa hotuba ndefu. Akavua miwani. Akasema yeye halijui koo langu, na anayelijua ameshasema. Mungu akitaka kuniponya, atanitaka kwanza nijiumize? Nijiulize hilo. Na nikiona ushauri unanitisha kwamba Mungu atakasirika nikitulia kuupima, basi huo ndio wa kupima zaidi.

Akaniombea kwa sauti ya kawaida tu, kama anaongea na mtu aliyekaa humo chumbani.

Nilitaka kubisha. Simu ikazima, chaji imekwisha. Bahati yake!

Ila Mama Moto si mtu mbaya. Mwanangu alipolazwa, ni yeye aliyekaa naye kitandani nikapata kulala. Ndiyo maana ni vigumu! Washauri wabaya wangeota pembe, tungeokoka mapema.

Jumatano, 19 Juni

Mama mkwe kaja kusukwa. Mama huyu maneno yake huyapima kama dawa. Miaka yote nimekuwa nikimwogopa kidogo. Leo kakaa kimya, nami kimya, wifi akituangalia kama sinema bila sauti.

Mwisho nikaandika: Mama, wewe huna dawa ya kunipa?

Akacheka! "Mwanangu, wote wamekwambia ufanye nini. Yupo aliyekuuliza unaogopa nini?"

Nilishika chaki, nikasita. Nikaandika: Kadogo. Nikafuta haraka. Lakini alishaona kwenye kioo, akasoma kinyumenyume! Msusi mzima nasahau kioo.

Hakunisema. "Mimi ushauri siutazami mdomo," akasema. "Nautazama miguu. Unanipeleka wapi? Nikishafika huko, nitakuwa nampenda Mungu na watu wake zaidi, au nitakuwa nimejifungia chumbani na sifa zangu?"

Nikaukaza msuko bila kujua.

"Na usivute hivyo. Hicho ni kichwa, si kamba."

Ijumaa, 21 Juni

Nimemwita Kadogo saluni. Alikuja akidhani nataka ugomvi. Nikamwonyesha mapigo ya wimbo kwa kitana, nikigonga meza. Anakimbilia mwisho, maskini, kama anafukuzwa na mbwa. Tukarudia. Wateja wakaitikia. Saluni ikawa kanisa, ila kanisa lenye harufu ya shampuu.

Mama Moto akapita. "Umepoa kiroho, dada." Nikaandika: Niombee ninyamaze vizuri. Akasoma mara mbili. Kisha akaomba kweli! Draya haikusikika. Lakini akitoka mlangoni: "Jumapili tutaona."

Jumapili, 23 Juni

Naandika nimekaa kwenye ngazi za nyuma ya kanisa. Asubuhi tumeshaimba, bado zamu ya mchana.

Kadogo alianza juu mno. Mstari wa tatu sauti ikakatika. Kwaya nzima ikanigeukia mimi niliyekaa benchi la nyuma. Na kutoka viti vya mbele, Mama Moto: "Simama uimbe! Ndiyo saa yako!"

Mdomo ulifunguka. Hewa ilishafika kwenye meno. Niliona kabisa itakavyokuwa — makofi, machozi, ushuhuda. Wala sikuwa nafikiria imani hata chembe. Nilikuwa nafikiria makofi.

Nikamtazama Kadogo. Macho yamemtoka.

Nikainuka kwenye benchi, nikaenda kusimama mbele yake. Nikashusha mkono polepole, kama ninavyolaza nywele zilizosimama. Akavuta pumzi. Akashuka nao mkono. Akaanza upya, chini, mahali pake. Na watu wakasimama, jamani! Waliposimama iliniuma. Kidogo. Haya, si kidogo. Lakini nilikuwa natabasamu, na sikuigiza.

Sasa hivi kwenye chai Mama Moto kanijia. Hakukasirika, kaumia tu. "Ungefunguliwa, unajua?" Nilinyanyua mabega. Sijui. Labda! Mungu hakuniambia, na daktari bado hajatazama tena. Nikampa nusu ya mkate wangu. Kaupokea, kakaa ngazi ya chini yangu, anatafuna, hasemi. Kwa Mama Moto, kutosema ni muujiza tayari.

Kadogo ananiita kule mlangoni, anataka nimwonyeshe tena pa kupumulia. Na mwalimu wa kwaya huyo anakuja, anatabasamu, ana maikrofoni mbili. Mbili! Nimeshatikisa kichwa tangu yuko mbali. Bado anakuja —