Baba Anatambua Magari Asiyoyaona

Mpendwa Bi Hester,

Nakuomba unishauri kabla ya maonyesho ya magari ya Agosti, maana nimekwama. Baba yangu, mzee Clifford, ni seremala mstaafu hapa Kidderminster, na wapenzi wa magari ya kuunganisha nyumbani, yale ambayo zamani mtu alinunua bodi ya faibaglasi akaipachika juu ya injini na magurudumu ya gari kuukuu, humtumia picha za magari ambayo hakuna anayejua yalitoka karakana gani, naye huyataja majina, sijamwona akikosea. Ila tangu mwaka jana macho yake yamefifia, hata uso wangu anauona kama ukungu, na hakuna anayejua ila mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayemweleza kilichomo pichani na yeye anatambua kwa kunisikiliza tu.

Ungemsikia, Bi Hester. Majuzi mama mmoja wa Hull alituma picha ya harusi yake, gari la marehemu mumewe limejificha nyuma ya shela, kipande kidogo tu ndicho kinachoonekana. Nikamwambia baba hapa hakuna kitu. Akaniuliza taa ikoje, nikasema ya mviringo, kama ya trekta.

"Bawaba za mlango ziko nje au ndani?"

"Nje, baba. Kama za lango la shamba."

"Basi hilo ni Tarrant, mwanangu. Aliyeyaunda magari hayo alikuwa na haraka, bawaba za ndani zilimshinda."

Yule mama alipopata jina akalisaka gari, akalikuta kwenye banda huko Wales, bado zima. Alitupigia simu analia, baba akabaki anasugua goti.

Sasa Desmond, katibu wa klabu ya wapenzi wa magari hayo, amemwomba akae mezani kwenye maonyesho, watu wamletee picha mkononi. Baba kakubali papo hapo, anataka nikae nyuma yake nimnong'oneze. Nikamwambia watatugundua. Akasema, "Wakijua sioni, Lorraine, watanihurumia, na picha hawataleta tena." Nikikataa namvunja moyo, nikimwambia Desmond namsaliti, nikinong'ona nitatetemeka mpaka kila mtu ajue. Nifanyeje?

Lorraine

Lorraine binti yangu,

Pole, ila nawe umenichosha. Una baba anayetambua gari kwa bawaba asizoziona, halafu unaniandikia kama mtu aliyeficha maiti. Aibu iko wapi? Kibaya hapo ni huo mnong'ono tu.

Desmond usimwambie. Habari ya macho ni ya baba yako, aitoe mwenyewe. Mkiwa mnakunywa chai, mweleze wazi: utakaa ubavuni pake, si nyuma, utaeleza kila picha kwa sauti, naye aulize maswali yake kwa sauti, watu wasikie. Akikataa, shikilia hapo hapo. Atanuna, mwache anune. Anaogopa huruma kwa sababu kazi hii hajawahi kuifanya mbele ya watu. Wale hawatamhurumia, watagombania foleni.

Na daktari wa macho, je? Hukumtaja, na kunyamaza kwako kumenitia shaka. Mpeleke wiki hii. Kama bado anashika usukani, funguo zikae kwako tangu leo.

Nami nitakuja. Nina picha ya gari jekundu aliloliunda mume wangu kabla hatujaoana. Aliniambia jina la gari hilo mara nyingi, nami sikuwa nasikiliza, na sasa hayupo wa kumuuliza. Niwekeeni nafasi.

Bi Hester