Kikombe cha Limao Alichokupa Selina

Kambi ya shamba la ngano, Hanang
Jumapili, 19 Agosti

Natalia, mke wangu,

Mbele za watu nilikuita Mama Selina siku zote, na hata kwenye msalaba wako kule Tlawi nilitaka waandike hivyo. Kaka yangu alikataa, akasema Mungu anakujua kwa jina la ubatizo. Basi na mimi leo nakuita kwa jina hilo.

Leo Selina amepokea Komunyo ya kwanza. Nitakueleza. Lakini kuna neno limenikaa kooni tangu Jumatano, na nisipolitoa kwanza sitaweza kuandika mengine. Ulikuwa na mimba. Natalia, ulikuwa na mimba, na mimi sikujua. Nimeshalisema kwa sauti mara nyingi nikiwa peke yangu, na bado naliona kama habari ya mke wa mtu mwingine.

Ngoja nianzie mbali kidogo, kwa ile Jumamosi ya ubatizo wa mapacha wa jirani. Ulianza kazi tangu Ijumaa. Nilikukuta unayabingirisha malimao ya Endasak juu ya meza kwa kiganja, moja moja, ili yalainike kabla ya kuyakamua. Maganda uliyakwaruza kwa lile kopo ulilolitoboa kwa msumari, ukayachemsha na sukari yetu ya mgao, yote, ya mwezi mzima. Nikakuuliza chai tutakunywa na nini. Ukasema tutakunywa na uvumilivu. Nusu ya maji ya limao uliitia choya ya Mama Hawa, yale maua makavu ya rozela anayoletewa na ndugu zake wa Dodoma, ikawa nyekundu kabisa.

Na mimi nilitumwa mirija. Nilikata mabua ya ngano kati ya fundo na fundo, mafungu kwa mafungu, na wenzangu wa kombaini ya kuvunia wakanicheka, wakauliza kama siku hizi mke wangu anafuga sungura. Sikuwaambia. Nilitaka waje wakaone watoto wao wanavyoyanyonyea.

Nao walikuja wakaona. Nyekundu chini, njano juu, hazichanganyiki, kwa sababu ya chini uliizidishia sukari na ya juu uliimwaga polepole mgongoni mwa kijiko. Watoto wamekuzunguka. Unawahesabisha moja, mbili, tatu, halafu unadondosha magadi kidogo, yale yale ya kuivishia maharage, uliyoyasaga na kuyachekecha. Povu linapanda mpaka mdomoni mwa kikombe. Wenyewe waliliita Wingu la Hanang, kama lile linalokaa juu ya mlima. Kulikuwa na kelele kambini siku ile kuliko siku ya mshahara.

Wewe mwenyewe hukunywa mpaka watoto wote walipomaliza. Selina alikomba sufuria, akajaza kikombe, akakuletea kwa mikono miwili. Ulikinywa chote ukiwa umesimama mlangoni. Ukamwambia, "Hiki ndicho kitamu kuliko vyote."

Kesho yake, unajua. Au hujui, sijui mtu anajua kiasi gani saa kama ile. Ilikuwa Jumapili lakini mavuno hayana Jumapili, nilikuwa shambani napaka mashine grisi. Jirani alinijia mbio akikanyaga masalia ya ngano, hana viatu. Nikakukuta sakafuni jikoni umejikunja, umeshika tumbo. Nikakuuliza umekula nini. Ukasema, "Sijala kitu. Limao tu la jana."

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho niliyoyasikia vizuri.

Malori yote yalikuwa yamekwenda na ngano. Tulikupeleka kwa trela ya trekta, nimepakata kichwa chako, na barabara ile unaijua. Viganja vyako vilikuwa vyeupe kana kwamba umetoka kupaka nyumba chokaa. Nilikuwa navisugua ili rangi irudi. Hospitali hukukaa hata saa moja. Daktari alisimama mbele yangu akasema maneno mengi kwa upole, na mimi nilikuwa naangalia kinywa chake kinavyofunguka. Akanipa karatasi imeandikwa Kiingereza. Nikaikunja nikaitia mfuko wa koti. Labda aliniambia, Natalia. Ndilo ninalolifikiria sasa. Labda aliniambia siku ile ile, na mimi sikuwepo.

Sasa nikuambie nilichokifanya.

Msibani kule Tlawi watu waliuliza, kama watu wanavyouliza. Jana alikuwa anacheza na watoto, leo hayupo, imekuwaje? Nikawajibu ulivyonijibu wewe. Nikasema hakula kitu, alikunywa limao tu. Tena, kwa kuwa moyo wangu ulikuwa unatafuta kitu kizuri cha kushika, nikaongeza kwamba hata kikombe chenyewe alikipokea kwa mwanae, kwa mikono miwili. Nililisema kama mtu anayeonyesha picha. Sikuona watu walivyogeuka kumtazama Selina. Sikuona na yeye alivyowatazama.

Shangazi yangu ndiye aliyelimalizia. Akasema limao na magadi vinapigana hata ndani ya kikombe, kila mtu ameona lile povu, sasa ndani ya tumbo la mtu itakuwaje. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa analia. Lakini neno lilipanda basi la Dongobesh likafika kambini kabla yangu. Niliporudi, akina mama walikuwa wameshawanywesha watoto wao maziwa, japo hakuna hata mmoja aliyeumwa. Na mimi niliamini. Nilichukua kopo lako la magadi nikalitupa chooni. Malimao yaliyobaki niliyaacha yakaoza kwenye kikapu. Nilikukasirikia, Natalia. Nilisema moyoni, kwa nini ulichezea vitu usivyovijua. Wiki tano nzima nilikukasirikia.

Selina akaacha kula. Mwanzoni nilidhani ni majonzi, mtoto atalia atanyamaza. Lakini hakulia. Alikuwa akipika, akipakua, akiniwekea chakula, halafu anatoka nje mpaka nimalize. Ukimpa kikombe ampelekee mtu, anakiweka chini. Jirani alimwomba maji ya kunywa akakimbia. Shingo ilikuwa nyembamba mpaka rozari ya mafundisho inamzunguka mara mbili.

Jumatano nikampeleka zahanati ya kambi. Unamkumbuka Bwana Saidi, mganga, yule Mnyamwezi anayewatania wagonjwa wote. Siku hiyo hakutania. Akauliza mama yake alikufa kwa ugonjwa gani. Nikasema limao. Akanitazama sana. Akauliza kama hospitali walinipa karatasi. Nilikuwa nimevaa koti lile lile. Nikaitoa, imeshaanza kukatika kwenye mikunjo.

Aliisoma mara mbili. Halafu akaniambia, "Baba Selina, hii si limao. Mimba ilitunga nje ya kizazi, ikapasuka. Damu yote ilimwagikia ndani." Akasema hata kama ungekuwa umekunywa maji matupu, au hukunywa kitu, ingekuwa vile vile. Akasema mimba ilikuwa changa, wiki saba au nane, na mwanamke anaweza asijue.

Nilikaa. Sijui nilikalia nini. Nikakumbuka wiki ile ulikuwa unaikataa chai ya maziwa, nikadhani unamwachia mtoto. Nikakumbuka ulivyojishika kiuno ukisema ni uzee, na una miaka thelathini. Mambo yalikuwa mbele yangu kama yamepangwa mezani, na mimi napita.

Kisha nikasikia sauti ya Selina. Tulidhani yuko kwenye benchi nje, kumbe amesimama mlangoni. Akasema, "Lakini mimi ndiye niliyempa."

Wiki tano, Natalia. Mtoto wa miaka kumi amebeba hatia ile peke yake ndani ya nyumba yangu, na ni mimi niliyemtwisha.

Bwana Saidi alimwita, akamkalisha kwenye kiti cha wagonjwa, akamwonyesha ile karatasi kana kwamba ni mtu mzima. Akamwambia mtoto alianza kukua mahali pasipo pake, ni padogo, pakapasuka, na hakuna kikombe duniani kinachoweza kufanya hivyo. Selina akamwuliza limeandikwa wapi neno limao. Akamwambia halipo. Akamwomba aangalie na upande wa nyuma. Akaangalia. Halipo.

Tukarudi nyumbani. Tulipofika mlangoni akauliza kama Jumapili, siku ya Komunyo yake, tutawapa watoto Wingu la Hanang. Nilitaka kusema hapana. Nilitaka kusema watu hawatakunywa, utaumia tena. Nikasema ndiyo.

Basi tumelitengeneza mimi na yeye. Ungecheka. Choya ilichanganyika na limao mara moja, ikatoka rangi ya maji ya kutu yaliyotoka kwenye rejeta ya trekta. Sikujua kwamba kijiko kinageuzwa mgongo, nilimwaga kama ninavyomwaga dizeli. Mara ya nne ndipo zikatengana, tena upande upande. Magadi tulipewa na Mama Hawa.

Baada ya misa watu walikuja wengi, na shangazi yangu alikuwa amefika tangu jana kutoka Tlawi. Walikula wali vizuri. Lakini ndoo ya limao ilipotolewa, kila mama alimvuta mtoto wake karibu. Nikaona Selina anawatazama wale mama mmoja mmoja. Nikasimama. Unajua mimi si mtu wa kusimama mbele ya watu. Nikasema, "Yale niliyoyasema msibani hayakuwa kweli. Sikujua, lakini ni mimi niliyeyasema, si mtu mwingine." Nikawaeleza ya karatasi. Nilipofika kwenye neno mimba sauti ilikwisha, na Bwana Saidi akamalizia.

Mama Hawa akamsukuma Hawa mbele, akamwambia mwambie dada shikamoo upewe chako. Halafu wengine. Akina mama wawili waliwashika watoto wao mikono wakaenda nao nyumbani, sikuwalaumu. Shangazi naye akanyoosha mkono apewe. Akanywa, akafuta midomo kwa kanga, akasema Natalia alikuwa anatia sukari zaidi. Baadhi walicheka. Yeye alifunika uso.

Halafu Selina akajaza kikombe akaniletea, kwa mikono miwili, ananitazama machoni. Na mimi, niliyeisikia karatasi kwa masikio yangu, niliyetoka kuwahubiria watu, mkono wangu ulikwama. Ni kitambo kidogo tu, lakini ulikwama, na yeye aliona. Nikakipokea nikanywa mpaka chini. Akabaki amesimama pale pale anaangalia koo langu, kisha tumbo. Akauliza, "Baba, linauma?" Nikamwambia haliumi. Wageni waliondoka, vyombo vikaoshwa, bado yuko karibu yangu, ananiangalia. Jua lilipoanza kushuka akauliza tena. Nikamwambia haliumi kabisa. Akaenda jikoni akapakua wali, akaja akakaa miguuni pangu, akala sahani nzima. Akaongeza.

Sasa amelala, ingawa ni jioni bado, na gauni la Komunyo hajalivua.

Nakuahidi kitu kimoja. Kesho baada ya kazi nitakwenda kwenye nyumba zile mbili, nikitoka huko nitakwenda kila mahali neno langu lilipofika, hata kwa wale wa kwenu Dongobesh, nikiwa na karatasi mkononi. Na Selina akikua akaniuliza tena nitamjibu tena, kila mara atakapouliza.

Sijui kama ulijua kuhusu yule mtoto. Kama ulijua na ulikuwa unangoja siku nzuri ya kuniambia, basi nimesikia. Lala salama, Natalia. Nisamehe zile wiki tano. Mkumbuke Selina huko uliko, na mimi pia unikumbuke.

Mume wako,
Damiano