Mafuta Mliyala Wote

Muscat

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na barua hii ikukute hapo Bungu ukiwa na amani. Mimi mwili mzima, ila moyo hauna utulivu, na sababu ni wewe. Goti la baba linaendeleaje? Mikorosho imeshika maua?

Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu nikianza tu unasema mtandao umekata. Karatasi huwezi kuikatia.

Ni vile vidonge vya asidi za mafuta nilivyokuletea nilipokuja likizo, ambavyo jirani yetu Mama Siwema alikuambia vinayeyusha unene. Nilivinunua kwa sababu bibi ninayemfanyia kazi hapa anavimeza kila asubuhi. Sasa nikuambie nilichokuficha: mwaka wa pili huu anavimeza, na magauni yake mimi ndiye ninayeyapeleka kwa fundi yaongezwe upana. Juzi nikamwomba binti yake anisomee karatasi ya ndani ya boksi. Inasema huenda vikasaidia kidogo, mtu akila kwa kiasi na kufanya mazoezi. Huenda! Mtu akishakula kwa kiasi na kutembea, kilichompunguza ni kidonge au ni miguu yake?

Halafu ukanitumia picha. Umekonda, kanga inakuzunguka mara mbili, na kwenye ujumbe wa sauti unacheka: "Mie sasa kigori, babako ajihadhari!" Nilicheka nawe, Mama, kisha nikarudi jikoni nikaanza kuwaza.

Maana shangazi Zuhura alishanisimulia, akidhani ananichekesha. Uliogopa gamba la kidonge usije ukala kitu cha nguruwe, ukawa unavitoboa kwa sindano na kukamulia mafuta kwenye mchuzi wa kambale. Mchuzi wa nyumba nzima! Mnakula sinia moja, wewe, baba na shangazi. Basi mbona shangazi kitanda bado kinamlalamikia? Mbona tumbo la baba liko palepale? Mafuta mliyala wote, umekonda peke yako.

Na huyohuyo shangazi anasema mtungi wa maji unaumaliza kabla ya adhuhuri, na chooni huishi kwenda. Hapo sikucheka. Bibi, mama yako, alianza hivihivi kule Mbwera. Watu wakamsifu kapendeza, mpaka kidonda cha mguu kikakataa kupona. Ndipo tukajua ni sukari, na tulikuwa tumeshachelewa.

Mama, naogopa. Sina ushahidi, nina shaka tu, na najilaumu kwa kukuletea ile chupa. Alhamisi nenda Kibiti ukapimwe, na usinywe chai kabla. Daktari usimsifie dawa ya Uarabuni, mwambie habari ya maji na choo. Ukitaka kuninunia, ninunie, lakini ukiwa umeshatoka kupima. Wakisema huna kitu, nitakuja nikupigie magoti, mniite mwenye wasiwasi mpaka mchoke.

Msalimie baba, mwambie akusindikize hata kama goti linauma. Kwa shangazi niombee radhi kwa maneno ya kitanda. Mama Siwema aliyeagiza chupa yake, mwambie simletei.

Na picha ya kanga usinitumie tena. Nitumie picha ya karatasi ya vipimo.

Mwanao wa kwanza,
Mwanaidi