Ekzosi ya Ilmari

Nipigon,
13 Mei 1996.

Kwa kaka yangu mpendwa Tauno,

Shikamoo, kaka. Naomba barua hii iwakute wazima wewe na shemeji Aili, na goti lako liwe limekupunguzia adha tangu baridi ilipoondoka. Sisi huku ni wazima wa kutembea. Barafu ya ziwani iliachia wiki iliyopita. Presha yangu inapanda na kushuka inavyotaka yenyewe, lakini bado nainuka mwenyewe asubuhi nikanywa kahawa yangu nimesimama.

Najua utaushangaa mwandiko huu. Mwaka mmoja na miezi minane sijakuandikia, na simu zako tatu sikuzipokea. Helmi ndiye aliyezipokea, akakwambia niko kazini. Nilikuwa nimeketi pale pale jikoni, kaka, naisikia sauti yako ikitoka kwenye simu. Nisamehe hilo kwanza, maana mbele kuna kubwa zaidi.

Mwishoni mwa mwezi uliopita mke wangu Helmi alimwita mwanao Risto bila kuniambia. Alimtaka aje aichukue pikipiki ya marehemu Ilmari, kwa sababu inaozea bandani na yeye amechoka kuipita kila anapokwenda kuchukua kuni. Nilipouliza ni nani aliyeamua hivyo, alinijibu kwamba Ilmari alikuwa mtoto wake pia, na kwamba kama nataka kununa ninunie nje, yeye anataka kupiga deki.

Risto akashuka kwenye basi Ijumaa jioni. Sikuwa nimemwona tangu mazishi, siku ile niliyomwambia mbele ya kanisa zima auondoe mkono wake kwenye jeneza la mwanangu. Ulikuwepo. Ulimshika bega ukamtoa nje. Amekonda, na mguu ule uliovunjika bado anauburuta kidogo. Aliniamkia, "Shikamoo, baba mdogo," nami nikaitikia kwa kichwa tu. Helmi akamlaza chumba cha Ilmari.

Asubuhi akaenda bandani. Ekzosi ya zamani ilikuwa imeliwa na kutu mpaka unaingiza kidole, lakini chini ya meza ya kazi kulikuwa na mpya, ile Ilmari aliyoinunua kwa mshahara wake wa kiangazi, ingali ndani ya boksi. Risto akaitoa aifunge. Mimi nilikuwa dirishani. Haikupita muda nikamwona anajikuna kichwa: bomba linalotoka kwenye injini ni jembamba, mdomo wa ekzosi ni mpana, ukivikutanisha vinachezacheza tu. Ekzosi ile ilitengenezewa pikipiki ya toleo jingine. Akajaribu kuziba pengo kwa bati la kopo. Akajaribu waya. Kisha akachukua nyundo ili aubonyeze ule mdomo, na hapo nikashindwa. Unanijua, kaka, mengi navumilia, ila si mtu kukipiga nyundo chuma kizuri.

Nikatoka nikamwambia aiweke nyundo chini kabla sijampiga nayo. Akasema, "Nipige tu, baba mdogo, labda mimi nitabonyea, maana hii imekataa." Nikacheka kabla sijajizuia. Tangu tuzike sikuwa nimecheka na mtu wa damu yetu.

Tukapima. Bomba la injini milimita thelathini na nane, mdomo wa ekzosi arobaini na tano. Nikachakura kwenye vyuma chakavu nikapata kipande cha bomba nene kinachokaa katikati ya vipimo hivyo viwili. Nikakipiga tupa mpaka kikaingia kwa kusukumwa na kiganja, Risto akashika, mimi nikachomelea. Kisha tukaona ekzosi inagusa gurudumu la nyuma, kwa kuwa sikio lake la kufungia halikukutana na tundu la fremu. Nikakata bamba la chuma, nikalitoboa, tukaisogeza nje kiasi cha vidole viwili. Tulianza baada ya kahawa ya saa nne. Saa saba Helmi alipotuita kula supu ya samaki tulikuwa tunakaza nati ya mwisho.

Risto akaiwasha. Ililia vizuri, kaka, kwa sauti nzito iliyotulia, na hakukuvuja moshi popote. Helmi akatokea mlangoni na mwiko mkononi, akasimama akiisikiliza, akarudi ndani.

Ndipo Risto, huku anafuta mikono, akaniuliza jambo, wala hakuliuliza kwa ubaya. "Baba mdogo, hii akili umeipata lini? Maana Ilmari aliniambia ulisema haiwezekani kabisa. Ndiyo sababu akaniomba nafasi kwenye gari."

Nikamjibu kwamba niliiona hivi karibuni kwa fundi mwingine. Akaitikia, akaniamini. Halafu akaanza kulia. Akasema kila siku anairudia asubuhi ile: ukungu, kulungu dume katikati ya barabara, breki zinashika na gari haitaki kusimama. Akasema labda angepunguza mwendo mapema kidogo. Akasema nilikuwa na haki ya kumwondoa kwenye jeneza. Nami nilisimama pale na spana mkononi, nikamwacha ayaseme yote. Sikumkatiza hata mara moja. Tukala supu, akapanda pikipiki, akashika barabara ya kurudi kwenu.

Sasa nakwambia wewe nililoshindwa kumwambia yeye. Nilijua tangu siku ya kwanza. Ilmari aliponiletea ekzosi ile, niliipima kwa jicho na jibu lilikuwa kichwani mwangu kabla hajaiweka mezani. Miaka thelathini nachomelea mabomba kwenye kiwanda cha karatasi. Hiyo ni kazi ya mwanagenzi. Lakini alikuwa ameniambia kwamba ikishafungwa tu, anaondoka kwenda migodi ya Manitoba. Niliiogopa ile pikipiki kwenye barabara ya malori, hilo ni kweli, na baadaye nimejiambia sana sababu hiyo ili nijione mwema. Kweli yenyewe ni kwamba sikutaka kubaki katika nyumba isiyo na mtoto. Nikamwambia, "Mwanangu, hii hailingani na haitalingana." Akanitazama, akasema sawa, baba. Hakuwa na mkono wa ufundi yule, lakini alijua sijawahi kumdanganya kuhusu chuma.

Nilidhani atakata tamaa. Siku nne baadaye akaniambia Risto atapita kumchukua. Bado ningeweza kusema, kaka. Vyuma vilikuwepo, mashine ilikuwepo, ilitakiwa asubuhi moja tu. Nikaona aibu kuonekana mwongo mbele ya mwanangu, nikanyamaza. Nikawafungia mkate mweusi na samaki wa moshi, nikawapungia mkono. Na waliponirudishia maiti, nilitafuta wa kumbebesha, nikambebesha mwanao.

Helmi nilimwambia jana jikoni, tulipotoka kanisani. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza jambo moja tu, kama Ilmari aliwahi kujua. Nikamwambia hapana, alikufa akiniamini. Akavua aproni, akaikunja, akaniambia nikuandikie. Leo asubuhi amepanda basi kwenda kwa dada yake Kapuskasing. Hakusema atarudi lini, nami sikuwa na uso wa kumuuliza.

Kaka, siombi unitetee. Naomba umkalishe Risto umsomee barua hii yote, usiruke neno, hata pale inaponivua nguo. Ningempigia simu mwenyewe, lakini najua akinipa shikamoo tu nitadanganya tena. Mwambie mkono wake ulistahili kuwa juu ya jeneza lile kuliko wangu. Akitaka kuja kunitukana, na aje. Asipotaka kuniona tena maisha yake yote, sitauliza kwa nini.

Msalimie sana shemeji Aili, na majirani zako wanaonikumbuka. Na mwambie Risto aikaze tena nati ya lile bamba la nyuma. Chuma kipya kikishapata moto mara ya kwanza hulegea, na hilo nalo sikumwambia.

Ni mimi mdogo wako,
Eino