Pombe Iliyokosa wa Kuionja

Majengo, Meru

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Naibusu mikono yako yote miwili, na lile goti lako la kushoto nalisalimu peke yake, maana najua lisiposalimiwa hununa. Je, limetulia? Na paa la ukumbini limezibwa, au kaka Ali bado anangoja mvua ikatike ndipo apande? Sisi huku wazima. Baridi ya Meru imenizoea, mimi ndiye sijaizoea. Mkweo Bakari na lori lake wote wawili wanakohoa asubuhi, kisha wanawaka. Barua zetu siku hizi hupita mikono mingi kabla hazijafika, kwa sababu ya hii Hali ya Hatari, basi na hao wanaoisoma kabla yako nao nawasalimu.

Lakini Mama, nina neno nawe. Barua yako ya mwisho niliisoma mbele, nikaigeuza nyuma, sikuona umeuliza habari zangu hata chembe. Uliuliza tu, "Kirimi wangu yuko je?" Mimi uliyenizaa hukuniuliza hata kama nakula. Haya, sina kinyongo. Nakaa sasa nikueleze habari za huyo mwanao wa kuokota, tena nikueleze zote, maana nimechelewa kuandika kwa kuwa nilitaka kwanza mambo yajulikane yameangukia wapi.

Nitaanzia mbali kidogo, hata kama mengine unayajua. Wewe ndiye uliyempokea nyumbani Mombasa alipokuwa akipigana mieleka ya kulipwa kwenye ua wa yule tajiri, watu wakimwita Gogo kwa kuwa haangushiki. Ulimkanda mgongo kwa mafuta ya nazi. Uliiona pia ile chupa aliyokuwa akipewa kila baada ya pambano, ati dawa ya maumivu. Mgongo ukachoka na mieleka, lakini ile dawa haikuchoka naye. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, naye akarejea kwao Meru, ila huyu zizi lenyewe alilinywa. Mbuzi walikwenda, shamba likaota magugu, na mkewe Wawira akafunga mzigo akarudi kwa baba yake Embu. Hakupigwa, Mama, nataka ulijue hilo. Alichoka tu kumwokota mume mtaroni.

Bakari alimkuta amelala nyuma ya soko, mtu mkubwa vile, amejikunja kwenye gunia. Akamleta kwangu. Siku za kwanza zilikuwa mbaya. Alitetemeka hata kikombe hakishikiki, akawa anapangusa siafu ukutani ambao mimi sikuwaona. Ndipo nikakuandikia, nawe ukaleta ule ukwaju kwa watu wa malori, ukasema kiu ikimpanda afyonze kokwa moja mpaka ipite. Nilicheka niliposoma, lakini nikafanya. Tangu hapo shavu la Kirimi halikosi kokwa la ukwaju, hata watoto wa mtaa wanamwita Babu Shavu. Alipopata nguvu Bakari akamfanya utingo wake, na gunia ambalo wenzake hulibeba wawili yeye huliweka begani akaendelea na mazungumzo.

Kisha akaenda kwa wazee wa ukoo wake. Neno kiapo siku hizi halitamkwi ovyo huku, kwa hiyo tuseme aliahidi. Aliishika pembe yake ya kunywea, akaifudikiza mbele yao, akamkabidhi mjomba wake, na kusema pombe ikigusa ulimi wake tena, basi wasimhesabu kuwa wao. Watu wa huku hawasemi maneno hayo kwa mchezo. Habari zikafika Embu, mzee Njeru, babake Wawira, akatuma neno kwamba binti yake atarudi na lori letu mavuno yakiisha. Kirimi akapaka nyumba udongo mpya. Alikuwa akiimba, Mama, na sauti anayo mbaya sana.

Hapo ndipo wakaja mabwana wa sinema.

Wanalo gari linalozunguka vijijini, wanatundika kitambaa cheupe na kuonyesha watu jinsi ya kulima matuta na kuchimba vyoo. Mmoja wao alisikia habari za mpiga mieleka aliyeacha pombe, akataka kutengeneza picha yake ya kweli, si ya kubuni. Wakampiga picha akibeba magunia, akilima, akiwafundisha vijana mieleka uwanjani. Kirimi akafurahi kama siku zile za uwanja wa tajiri. Lakini bwana wa picha akasema bado kuna sehemu imepungua. Watu wataonaje alivyosimama, kama hawajaona alivyoanguka? Akamtaka akae chini na kibuyu, anywe, ayumbe, aanguke. Kirimi akakataa. Mkalimani wao, mtu wa Kaaga mwenye maneno matamu, akamwambia mficha uchi hazai, na kwamba kibuyuni hakutakuwa na pombe. Wakaniomba mimi nipike uji wa wimbi, wakautaka mwepesi ili uteremke vizuri. Nikaukoroga mpaka ukawa aibu kuuita uji. Kirimi akaunywa, akayumba, akaanguka chali. Mama, aliufanya ulevi ule sawasawa hata mimi niliyejua nikageuza uso.

Wakaenda zao. Miezi ikapita, tukasahau.

Siku ya kumchukua Wawira ikafika. Bakari akaenda Embu na lori, Kirimi akabaki kutengeneza meko. Jioni nikasikia lori, nikatoka na mkeka. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Bakari alishuka polepole akavua kofia, nami nikajua.

Ilikuwa hivi. Gari la sinema lilifika kwenye kijiji chao, hivi vijiji vipya vya kuzungushiwa handaki ambamo watu wamekusanywa pamoja. Mzee Njeru akaketi mbele na wazee wenzake, hajapata kuona sinema maishani mwake. Akamwona mkwewe kwenye kitambaa, anabeba magunia, anacheka. Akafurahi. Halafu akamwona mkwewe yuleyule, kwa kinywa kilekile, anainua kibuyu, ananywa, anaanguka. Maana hao mabwana, kwa akili zao wenyewe, waliuweka ulevi nyuma ya uzima. Sijui walitaka mwisho wa kutisha, ati watu waone hatari ya kurudi nyuma. Kwa mzee, kilichoonwa mwisho ndicho cha mwisho kutendeka. Akamwambia Bakari, "Usiniambie ameacha. Nimemwona kwa macho yangu, na kijiji kizima kimemwona." Bakari akaeleza habari ya uji, mzee akamsikiliza kwa adabu, asiamini. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Neno lake la mwisho lilikuwa kwamba Kirimi aje mwenyewe, alete pombe ya asali kama desturi inavyomtaka mtu aliyekimbiwa na mke, wamtazame.

Kirimi aliposikia aliyaacha mawe ya meko palepale. Alikaa kwenye ngazi ya lori akafyonza ukwaju mpaka giza likaingia. Nilimwogopea, Mama. Niliogopa usiku huo kuliko zile siku za siafu.

Pombe ilipikwa na mjomba wake, kwa ruhusa ya chifu. Shida ikawa watu wa kwenda. Kwa desturi huenda wazee wa ukoo, lakini Mmeru kwenda Embu siku hizi ni pasi juu ya pasi, na wazee wale walinyimwa. Waliokuwa na karatasi za njia ni watu wa lori tu: Bakari, utingo wake, na mimi niliyeandikwa kuwa nakwenda kununua kunde. Tukapakia kile kibuyu kikubwa. Bakari alikizunguka kama anayezunguka mbwa. Alisema lori lake halijapata kubeba pombe tangu alinunue. Nikamwambia afumbe macho, akasema atafumbaje naye ndiye dereva.

Tulifika Embu mchana, homugadi, wale walinzi wa kijiji, wakatupekua kwenye lango, tukapitishwa. Mzee Njeru alikuwa ametandikiwa ngozi mbele ya nyumba, na wazee wawili watatu kando yake. Wawira sikumwona, ila niliona mlango umeachwa wazi kidogo. Tulikaribishwa vizuri. Pombe ikamiminwa kwenye pembe, mzee akampa Kirimi.

Sasa sikiliza. Huku anayeleta pombe ndiye anayeionja kwanza, ili mwenyeji ajue haina kitu ndani, si sumu wala uchawi. Mwenyeji hawezi kunywa kabla yake, na asipokunywa, pombe imekataliwa na waliokuja nayo wamekataliwa. Kila mtu pale alijua. Sisi nasi tulijua, lakini katika haraka ya pasi na karatasi hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri nani ataonja. Wazee wa ukoo ndio wangeonja, na wazee walibaki Meru.

Kirimi akaishika pembe. Harufu ile ya asali ilinifikia mimi nilipokaa, sembuse yeye. Mkono ukaanza kutetemeka, ule mtetemo wa zamani, na kokwa la ukwaju likahama shavu hadi shavu. Mzee Njeru akamtazama usoni tu.

"Onja, mkwe wangu," akasema.

"Baba," Kirimi akasema, "nikionja, utakunywa, lakini utakuwa umempa binti yako mwongo. Nisipoonja, nimekutukana. Sina la tatu. Imwage."

Mmoja wa wazee akasema basi mwenzake amwonjee. Macho yote yakamgeukia Bakari, na kofia yake, na ndevu zake. Akasema kwa unyonge yeye ni Mwislamu. Macho yakanijia mimi na buibui langu, hata hawakuuliza. Mzee yule akaanza kucheka, akasema amezeeka hajapata kuona watu wanaleta pombe bila kinywa. Wenzake wakacheka, lakini mzee Njeru hakucheka. Jua lilikuwa linateremka, na sisi ilitupasa tuwe tumetoka kabla ya kafyu. Nikaona safari imekwisha. Nikaanza kukusanya buibui langu niinuke.

Mlango ukafunguka, Wawira akatoka. Amekonda, Mama, lakini amenyooka vilevile. Hakututazama. Alipita katikati ya wazee, akapiga magoti mbele ya mumewe, akaitoa ile pembe mikononi mwake taratibu, maana vidole vilikuwa vimeikamata. Akaonja. Kisha akageuka akampa babake kwa mikono miwili.

"Kunywa, Baba," akasema. "Mimi ndiye kinywa chake."

Bakari hakuelewa, ikabidi nimnong'oneze. Huku msichana anapoolewa, ndivyo afanyavyo: huonja pombe ya posa, akampa babake, na hapo baba hujua binti amekubali, hajalazimishwa. Wawira alikuwa amelifanya hilo mara moja ujanani. Sasa alilifanya tena, kwa mtu yuleyule, bila kuitwa.

Mzee Njeru aliishika ile pembe kitambo. Midomo yake ilikuwa ikichezacheza. Kisha akanywa, akanywa yote, akajifuta, akamwambia Kirimi kwamba mkono wa mlevi hutetemeka kwa kuikosa pembe, na leo ameona mkono unaotetemeka kwa kuishika. Kisha akanigeukia mimi, akauliza kama ni kweli mimi ndiye niliyepika ule uji wa kwenye kitambaa. Nikasema ndimi. Akasema aliona jinsi ulivyokuwa ukimwagika kidevuni, na kama ni uji, basi ni uji wa mke mvivu, ndiyo sababu hakuamini. Walicheka mpaka homugadi akaja kutazama kuna nini. Mimi nikacheka na machozi yananitoka, nikajifanya ni moshi.

Tulirudi na Wawira kiti cha mbele, katikati yangu na Bakari. Kirimi alipanda nyuma na mizigo, akaimba njia nzima, na mara hii hakuna aliyemwambia anyamaze.

Basi, Mama, hizo ndizo habari zake. Wanakaa nyumba ile ya udongo mpya, na jioni wakati mwingine anawafundisha vijana mieleka, Wawira ameketi kando anachambua kunde na kuwasema wanaoanguka vibaya. Gari la sinema lilipita tena Meru. Kirimi alikwenda kumwona bwana wa picha, akamwomba ampige picha moja zaidi, ya kuiweka mwisho kabisa, yeye na mkewe wamesimama mlangoni. Sijui kama wataiweka. Yeye hana habari tena.

Nisalimie kaka Ali, fundi wetu wa kushona asiyemaliza nguo, umwambie kanzu ya Bakari imefika na mkono mmoja mrefu. Nisalimie shangazi Mwanaheri, aliyenilea nilipokuwa na surua. Nisalimie Bi Zaina jirani, kuku wake wakiwa bado wanaingia jikoni kwetu nao uwasalimu kwa fagio. Mwenyewe nikukumbatie hivi nilivyo, na harufu yangu ya moshi wa kuni za mlimani.

Na tuma ukwaju, Mama. Tuma mwingi, usitume ule mfuko mdogo. Unaisha haraka mno siku hizi, na nilidhani ile kiu imemrudia mtu wetu. Nikamvizia Kirimi. Shavu lake ni tupu, wiki nzima hajagusa hata kokwa. Anayeumaliza ni Wawira, anaula kwa chumvi tangu alfajiri, na uji hataki hata kuunusa. Wewe mtu mzima, sina haja ya kukueleza.

Akupendaye, uliyemsahau kuuliza hali yake,
Mwanaisha