Pikipiki Nyekundu Imefika Rangwe

Kaka Ouma,

Pikipiki yako imefika nyumbani. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuniuliza kama nimekula. Iko Rangwe, kwenye kile kibanda ambacho mama alikuwa akifugia kuku. Kuku wamehamia jikoni na hawajafurahi.

Nimechoka, kaka. Si uchovu wa safari. Tangu tukuzike naamka nimechoka, nabeba abiria wangu hapa Migori mjini, narudi, nalala, naamka vilevile. Watu waliacha kunipa pole zamani. Siku hizi wananiambia tu, "Omera, ndugu yangu, ongeza mwendo, nimechelewa."

Unakumbuka ulivyoanza kunifundisha? Ile pikipiki ya spoti ililetwa gereji kwako ikiwa imepondeka mbele, mwenyewe ameikatia tamaa, nawe ukaifufua polepole baada ya kazi za watu. Ilipowaka uliniita nipande. Nilicheka. Mimi wa bodaboda miaka yote hii, nifundishwe nini? Nikapanda, nikajisogeza mbele mpaka tumbo likagusa tangi. Ukachungulia nyuma yangu.

"Abiria wako wapi?"

"Abiria gani?"

"Hao wawili uliowaachia kiti!"

Ulicheka mpaka ukaangusha spana. Lakini ndivyo tunavyokaa sisi. Tunakalia tangi ili nyuma watoshee mama, mtoto na gunia la dagaa wa omena. Mwili wangu ulikuwa umeshazoea kuwaachia watu nafasi, hata pale ambapo hakuna mtu.

Ulinifundisha kwanza pikipiki ikiwa imesimama, mlangoni mwa gereji. Rudi nyuma. Toa tako moja nje ya kiti, upande wa kona. Goti la upande wa pili libane tangi, hilo ndilo likushike, si mikono. Mikono iwe laini kama ya mtu anayebeba mayai. Kifua chini, kichwa kitangulie ndani ya kona. Kushoto, kulia, kushoto, asubuhi nzima, na yule mama wa uji ng'ambo ya barabara akashindwa kunyamaza.

"Fundi! Huyo ndugu yako anataga au anaangua?"

"Bado anatafuta kiota, mama!" ukamjibu.

Kisha zikaja Jumapili zetu. Sisi tulikuwa tumeshaabudu Sabato, wengine wote wako kanisani, barabara ya kwenda Homa Bay ni yetu. Ulinitangulia na ile pikipiki kuukuu ya gereji, Boxer, ili nikuone mgongo. Ulikuwa unainua mkono mahali pa kufunga breki, kabla ya kona, si ndani yake. Ndani ya kona ulitaka nishike mafuta kidogo tu bila kuyaachia, na macho yatazame pale tunapotokea. "Ukitazama shimo utaliingia," ulisema. "Ukitazama trekta la miwa, utakula miwa."

Kona za kulia nilizimudu. Iliyonishinda ni ile ya kanisa dogo, mbele ya Rongo, inayokata kushoto kwenye mteremko. Kila mara niliogopa kuilaza pikipiki upande ule nisioona mbele. Nilisimama wima kama nimebeba mgonjwa, ikanisukuma mpaka upande wa magari yanayokuja. Siku moja lori lilinipigia honi ndefu sana. Ulisimama, ukavua kofia, ukakaa kwenye nyasi. Nilidhani utanigombeza. Ukasema tu, "Tutarudi." Hatukurudi. Figo zako zilikuwa zimeshaanza kushindwa.

Pale wodini ulinishika kifundo cha mkono. Ulisema, "Usiipakie kwenye pikapu. Mbuzi ndiye hupakiwa. Uipeleke wewe kwa mama." Nikasema sawa. Tukakuzika, na pikipiki ikabaki gereji chini ya turubai, kwa sababu kati yake na mama kulikuwa na ile kona.

Mama alikuwa anapiga simu. "Ile kitu ya ndugu yako iko wapi? Nataka niione hapa." Halafu mwenye nyumba akataka gereji yake. Jirani akanipa pikapu ya bure, hata kamba tayari. Nilizitazama zile kamba muda mrefu. Jumapili nikaiwasha.

Nilipita Awendo, nikapita Rongo, na ndipo nikagundua nimekalia tangi. Nimejibana mbele, nyuma yangu kiti kitupu. Sijui nilikaa hivyo tangu wapi. Nilikaribia kanisa, wanaimba ndani, nikakusikia wazi ukiuliza abiria wangu wako wapi. Nikarudi nyuma. Nikafunga breki mapema, nikateremsha gia, nikatoa tako kama kuku yule wa utani wa mama wa uji. Goti likabana. Mikono ikataka kukaza, nikaiachia. Nikatazama mwisho wa kona, pale kwenye nguzo ya umeme, na pikipiki ikalala yenyewe kushoto, ikabaki kwenye njia yake mpaka ikanyooka.

Haikuwa haraka, kaka. Mtu wa baiskeli angenipita. Lakini ilikuwa sawasawa, na hakukuwa na mgongo wa kufuata.

Nilitaka kufurahi, ila nguvu sikuwa nazo. Mbele ya pale barabara ni nyoofu. Nikajisogeza tena mbele, mpaka tumbo likagusa tangi, safari hii kwa kupenda. Nikaenda hivyo hadi Rodi, nikakata kwenda Rangwe, polepole, kama mtu mwenye abiria.

Mama alisimama pale langoni na ungo mkononi. Aliitazama pikipiki, akanitazama nilivyokaa.

"Mbona umejibana hivyo? Umebeba nani?"

Aliweka ungo chini, akaja, akakipangusa kile kiti kitupu kwa leso yake, taratibu, kuanzia mbele mpaka nyuma.

"Basi shuka, baba," akasema. "Ugali upo. Ule, kisha ulale."

Nililala mpaka Jumatatu, kaka. Lala na wewe.

Mdogo wako,
yule wa kukalia tangi